Mama Tii Anasikia

Walimwita Mama Tii, na wageni waliodhani jina hilo alipewa kwa utiifu walikuwa hawajakaa naye hata nusu saa. Mumewe akiambiwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mke wangu amtii nani?" aliuliza. "Mimi mwenyewe bado nangoja zamu yangu, na huu ni mwaka wa thelathini na tano."

Jina lilitokana na vikombe. Kikombe kizima, ukikikalisha kwenye ncha za vidole na kukigonga ukingoni kwa kijiti, husema tiii, sauti nyembamba inayokwenda mbali kabla haijaisha. Chenye ufa, hata ufa mwembamba kuliko unywele, hata ule ambao jicho haliuoni, husema kwa, basi. Kati ya tii na kwa ndipo mama huyu alipopatia riziki yake tangu ujana, kwenye ghala la vyombo vya kauri lililokuwa nyuma ya maduka ya jumla. Hakuna kikombe kilichotoka pale bila kupita mikononi mwake.

Meza yake ilikuwa chini ya dirisha pekee la ghala. Vikombe vililetwa kwa katoni, vimelazwa kwenye nyasi kavu kama mayai, naye alivitoa kimoja kimoja na kuvipitisha kwenye milango yote mitano ya fahamu. Mkono ulianza. Kikombe kizito upande mmoja, alisema, ipo siku kitammwagia mtu chai kifuani na mwenyewe atasingiziwa ulevi. Likafuata jicho: alikiinua dirishani atazame kama kivuli cha vidole vyake kinaonekana kwa ndani, na weupe wake ni weupe gani. Cheupe pe, cheupe cha maziwa, cheupe cha maziwa yaliyolala, cheupe cha ukuta wa hospitali, cheupe kilichochoka. Alikuwa na weupe wa aina tisa, na ole wako umwambie vyote ni vyeupe tu. Halafu pua, kwa sababu kikombe kilichonyeshewa safarini kikiwa na ufa hunywa maji kimyakimya, na ukikinusa kinatoa harufu ya udongo baada ya mvua. Akiwa bado na shaka, alikigusisha ulimi kitakoni, pale pasipopakwa mng'ao. Udongo ulioiva huuacha ulimi uende zake. Ulioiva nusu huung'ang'ania.

Kijiti kilikuja mwisho. Tii, kikombe kikaenda kulia. Kwa, kikaenda kushoto.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikwenda pale akiwa bibi harusi wa wiki moja, kununua vikombe sita vya nyumbani, na ili apate sita aligonga sitini. Mwenye ghala wa wakati ule, mzee mmoja mwenye tumbo na subira, alimwacha agonge mpaka akamaliza, kisha akamuuliza nani kamfundisha. "Bibi yangu," alisema. "Aliniambia nikienda kununua chungu nisimuulize muuzaji, nikiulize chungu chenyewe." Mzee akamfungia vikombe vyake, akamwambia, "Jumatatu uje tena. Si kununua."

Mazoea yana taabu. Mama Tii hakuweza kukaa mbele ya chombo bila kukigonga. Siku walipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti ambaye mwanawe alitaka kumwoa, watu wamevaa, maneno yamepangwa, yeye aligonga sahani yake kwa ukucha, kidogo tu. Ikasema kwa. Akajikuta anatamka kwa sauti, "Mh, hii imepasuka." Mama wa binti aliacha kijiko mdomoni, akidhani mgeni anaitabiria ndoa. Ilibidi mumewe asimame aeleze mambo ya ghala tangu mwanzo, na akaeleza vizuri hivyo hivyo, maana ndoa ile sasa ina watoto wanne na haijapata hata mkwaruzo.

Basi maisha yalikwenda hivyo, kwa furaha na kelele zake, mpaka ilipofika asubuhi moja miaka miwili iliyopita.

Siku hiyo ilifunguliwa katoni ya vikombe arobaini na nane, vyeupe vya maziwa, vizuri kwa macho. Akagonga cha kwanza: kwa. Cha pili: kwa. Akaenda navyo hadi cha mwisho, vyote kwa, vyote kushoto. "Kiwanda kimeharibikiwa," alimwambia Kamba.

Kamba ndiye aliyefunga katoni pale ghalani, na aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa fundi wa kuwafunga watu kamba pia, yaani hadithi zake zilihitaji kupunguzwa nusu kabla ya kuaminiwa. Lakini siku hiyo alisema kweli. Aliokota kikombe kimoja kutoka upande wa vibovu, akakigonga kwa kalamu. "Mama," alisema, "hiki kinalia kama kengele ya shule."

"Basi kirudishe hicho."

"Na hiki."

"Na hicho."

"Mama, vyote vinalia."

Mama Tii akamtazama usoni, akatazama vikombe, akasema ameamka na kichwa kibaya, avirudishe vyote atavipima tena baadaye. Kamba akavirudisha.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mumewe amekaa na redio yake ndogo kifuani. Mumewe alikuwa fundi mwashi, amestaafu, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa kibarua chake kipya. "Betri zimekwisha hizo," Mama Tii akamwambia akiwa anapita. Mzee akaitazama redio, akamtazama mkewe. "Zimekwisha wapi? Inaimba mpaka kuku wa jirani wanacheza." Akacheka peke yake. Kisha akaona mkewe amekaa chini pale pale alipokuwa amesimama, mkoba bado begani, analia.

Hakuwa analilia sikio. Alikuwa anaililia meza yake ya dirishani. Asiyesikia hapimi vikombe, jambo hilo hata paka wa ghalani alilijua, na siku likijulikana atapewa kiti mtu mwingine. Yeye atarudi nyumbani kukaa na redio asiyoisikia na mume anayesikika kupita kiasi. Aliipenda kazi ile. Aliipenda vile watu wengine wanavyopenda kuimba.

Mumewe alimbembeleza aende hospitali, naye akagoma wiki tatu, ghalani akiwa ametuma habari kwamba kichwa bado ni kibaya. "Sikio la kufa halisikii dawa," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake methali ikawa imetua mahali pake kabisa. Hiyo ndiyo iliyomchekesha mama, na aliyecheka hana tena nguvu za kugoma. Wakaenda.

Muuguzi alisimama nyuma yake akanong'ona maneno kadhaa, kisha akamjia mbele. "Unasikia, mama?"

"Nasikia."

"Vizuri. Umesikia nini?"

"Nasikia karafuu. Umetafuna karafuu kwa ajili ya jino, na jino lenyewe ni la kulia, maana shavu hilo unalibembeleza."

Muuguzi akashika shavu. "Mama, mimi nauliza masikio."

"Basi ungeyataja masikio."

Na hakukosea mama wa watu. Lugha yetu ni karimu katika jambo hili. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa na usingizi na maumivu, na hakuna anayetusimamisha mlangoni kutuuliza hayo yote yamepita wapi. Lakini vipimo vya hospitali vina mlango mmoja, na wake, waliambiwa, ulikuwa umeanza kujifunga. Ni umri tu. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka: ndege, kengele, minong'ono. Sauti nene zitabaki. Mume mwenye sauti nene akafurahi sana. Walimjaribishia kifaa cha sikioni, na kwa kifaa hicho watu walipiga kelele kama bati na kikombe kikalia kama bati vilevile. Akakivua, akakirudisha kwa adabu.

Kesho yake alikwenda kazini kama mtu anayekwenda kuaga. Akakaa, akachukua kikombe, akagonga. Kwa. Mkono wake ukakipeleka kulia. Akachukua kingine, akagonga. Kwa. Ukakipeleka kulia. Cha tatu, kwa ileile, na mkono ukakipeleka kushoto.

Akausimamisha. "We," aliuambia mkono wake, "nani kakuambia?"

Akakichukua kile cha kushoto, akakiinua dirishani, akakizungusha taratibu mpaka jua likakaa vizuri. Chini ya mshikio palikuwa na ufa, mfupi kama kope ya mtoto. Akakigonga tena, safari hii amefumba macho, akaacha kusikiliza kabisa. Kikombe kilishtuka kidogo kwenye ncha za vidole, kikatulia tuli. Akachukua kizima. Hicho kilitetemeka, kikaendelea kutetemeka, mtetemo mdogo wenye joto kama kifaranga anayepumua kiganjani, ukapungua polepole hadi ukaisha. Akarudia mara kumi. Hapakuwa na shaka yoyote. Miaka yote hiyo vidole ndivyo vilivyofanya kazi, na sikio ndilo lililokuwa likipokea sifa. Alicheka peke yake pale mezani mpaka Kamba akaja kuuliza kuna nini. "Nimekumbuka kitu," alimwambia.

Nyumbani ukawa mchezo. Mumewe alimfunga kitambaa machoni, akamletea kila chombo walichokuwa nacho, halafu vya jirani, halafu vya jirani wa jirani, ambao walianza kuuliza kwa nini mzee anaazima mabakuli matupu kila jioni. Alimgongea, naye akataja. Sufuria. Glasi. Bakuli lenye ufa. Kifuniko cha birika. Jioni moja mzee akamwekea vidoleni kitu cha mviringo, laini, chenye joto kidogo, akakigonga. Mama Tii akatafakari. "Kizima," alisema, "ila ndani hamna kitu." Kilikuwa kipara cha mzee mwenyewe, na aliyekisimulia kisa hicho mtaa mzima ni mzee huyo huyo, kwa majivuno.

Basi akaendelea na kazi, na hakumwambia mtu pale ghalani. Kwa kweli alipima vizuri kuliko zamani, maana sasa honi za barabarani hazikumsumbua. Alijifunza kusoma midomo. Aligundua kwamba uongo wa Kamba unaonekana vizuri zaidi kuliko unavyosikika, kwa sababu akidanganya nyusi zilitangulia. Asipolipata neno alisema, "Rudia, nilikuwa katikati ya kikombe." Hayo yote aliyaweza. Kilichomchoma kilikuwa kimoja tu, bosi.

Bosi alikuwa binti wa yule mzee mwenye subira, ambaye sasa alikuwa marehemu. Watu walimwita Bosi Mdogo, ingawa alikuwa mrefu kuliko wote pale. Mwenye haraka, mwenye haki, sauti nyembamba, na asiyetania kuhusu jina la ghala la babake. Kila mnunuzi mpya aliletwa mpaka kwenye meza ya dirishani, na kila mara Bosi Mdogo alisema maneno yaleyale, ambayo Mama Tii aliyasoma mdomoni mwake kila mara kwa uchungu uleule: "Watu hawanunui vikombe vyetu. Wananunua sikio la mama huyu." Mama Tii alitabasamu. Moyoni alijisikia mwizi.

Sasa kuna siku ya hoteli. Hoteli mpya ilikuwa inafunguliwa, nayo ilitaka katoni ishirini za vikombe, vyote vizima, jioni ileile. Mama Tii aliwahi mapema, akafunga leso yake vizuri, akaanza. Mpaka saa tatu alikuwa amemaliza katoni mbili.

Saa tatu na dakika chache, king'ora cha duka la jirani kilijiwasha. Hapakuwa na mwizi. Kilikuwa king'ora kipya, na kilitaka kazi. Mwenye duka alikuwa safarini na funguo zote mfukoni. Kilikuwa king'ora cha sauti nyembamba kali, ya kutoboa fuvu, isiyopumzika hata kidogo. Paka wa ghalani aliruka dirishani akapotea. Wanunuzi wakakimbia. Makarani wakatoka nje, wakaenda mpaka mwisho wa mtaa, wakasimama huko wakilaani.

Mama Tii aliona Kamba anapita amebana masikio kwa viganja. Masikio yanamuuma, maskini, alifikiri. "Tia mafuta ya uvuguvugu!" alimwambia. Kamba akamtazama kama anavyotazamwa mwendawazimu, akatoka mbio. Maumivu makali hayo, Mama Tii akajisemea, akachukua kikombe kingine. Ilikuwa asubuhi nzuri. Ghala lilikuwa jii. Hakuna mtu aliyempitia mbele kumkatia mwanga, hakuna aliyemjia na maswali, na jua lilikuwa limekaa pale pale alipolitaka. Akaanza kuimba. Kulia, kulia, kulia, kushoto, kulia. Alimaliza katoni ya tano, akanywa maji, akaingia ya sita.

Bosi Mdogo alikuwa amekwenda mtaa wa tatu ndipo aweze kupiga simu. Aliwaambia watu wa hoteli ukweli: mzigo hautakuwa tayari, mpimaji wetu anatumia sikio na leo hapa hakuna sikio linalofanya kazi. Wakamwambia watafikiri kama watangoja au watatafuta pengine. Akanunua pamba, akajaza masikioni, akarudi ghalani kuchukua mkoba wake na kufunga milango. Kamba alimfuata nyuma. Ndipo wakamkuta.

Mama Tii aliona kivuli mezani, akainua uso. Bosi alikuwa amesimama mbele yake, macho yamemtoka, mdomo unafunguka kwa upana kama wa mtu anayepiga kelele. "Mama! Unafanya nini?"

"Napima," alisema Mama Tii. "Hii ya tisa."

Bosi akatazama katoni nane zilizopangwa vizuri ukutani. Akatazama kijiti. "Unapimaje?"

Hapo ndipo Mama Tii alipoona pamba. Akaona viganja vya Kamba kwenye masikio. Akageuka dirishani, akaona kule ng'ambo watu wamekunja nyuso, mwanamke mmoja amemfunika mtoto wake kichwa kizima kwa khanga. Akaelewa. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilikuwa zimeshapita mia saba. Angeweza kudanganya tena, kusema amezoea kelele, ana sikio gumu, lolote. Lakini alimtazama yule binti, aliyemjua tangu akitambaa kwenye nyasi za katoni, akaona kwamba hana hamu tena.

"Mwanangu," alisema, "mimi sisikii."

"Nini?" Bosi aliuliza kwa mdomo mpana.

"Sisikii!"

"Hata mimi sisikii!" Bosi alipaza sauti, akaonyesha dirishani.

"Hapana! Mimi sisikii!"

"Hakuna anayesikia, mama!" Kamba naye akapiga kelele. "Mtaa mzima hausikii!"

Miaka miwili alikuwa ameliogopa neno lile. Alikuwa amelifungia kifuani, akalala nalo, akaamka nalo, na leo ameliachia mara tatu mbele ya watu na halina wa kulipokea. Kicheko kikamtoka, kicheko cha tumboni, na machozi ndani yake. Akainama, akang'oa mfuniko wa katoni, akachukua kalamu nene ya Kamba ya kuandikia mizigo, akaandika kwa herufi kubwa: MIMI NI KIZIWI. MWAKA WA PILI SASA.

Bosi akasoma. Akasoma tena. Hakucheka. Alitazama tena zile katoni nane, na Mama Tii aliona anachokihesabu kichwani: si hizo nane tu, bali zote za miaka miwili, kila nyumba iliyonywea chai vikombe vya babake. Uso wake ukawa mgumu. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: NA HIVI VYOTE?

Mama Tii akaandika: NIMEVISIKIA.

Bosi akaandika, kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa mfuniko: KWA NINI?

Mimi sijui alimaanisha kwa sababu gani au kwa kitu gani, maana zote mbili tunaziandika vilevile. Mama Tii alijibu lile swali aliloliweza. Aliweka kalamu chini, akamshika bosi wake mkono, akaugeuza kiganja juu, akaweka kikombe kizima kwenye ncha za vidole vyake, akakigonga.

Bosi akatikisa kichwa. Hamna kitu.

Mama Tii akaona kosa. Vidole vilikuwa vimekibana kikombe kama kinataka kutoroka. Akavilegeza kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivilegeza zamani binti huyohuyo alipokuwa mdogo na ameshika kitu asichotakiwa kushika. Akamfumba macho kwa kiganja chake mwenyewe. Akagonga tena.

Safari hii alimwona. Bega lilishuka, nyusi zikapanda, mdomo ukaachama kidogo na ukabaki hivyo kwa muda wote kikombe kilipokuwa kinatetemeka, hadi mwisho kabisa. Mama Tii akamwekea chenye ufa, akagonga. Macho ya bosi yakafunguka. Akakinyooshea kidole: huyu kafa! Akataka kizima tena. Akataka chenye ufa tena. Akafumba macho bila kufumbwa, akapewa kumi vilivyochanganywa, akaonyesha kulia, kulia, kushoto, kulia, na kati ya kumi alikosea kimoja tu.

Lakini hakuwa mtu wa kuacha jina la babake hivihivi. Akageuka mgongo, akachukua vikombe ishirini kutoka pande zote mbili, akaviwekea alama chini anazozijua yeye, akavileta. Mama Tii akafumba macho, akaanza kugonga. Alipoyafumbua, vikombe vilikuwa vimekaa makundi mawili na bosi alikuwa anavipindua kimoja kimoja kutazama alama. Vyote ishirini vilikuwa mahali pake.

Bosi Mdogo akasimama pale na kikombe cha mwisho mkononi. Akajipangusa macho kwa mkono wa blauzi. Akasema kitu, naye Mama Tii akakiona kikitoka, taratibu na wazi, herufi moja moja: "Kwa nini hukuniambia, mama? Kiti hiki ni chako. Nani angekigusa?"

"Niliogopa," alisema Mama Tii. Kama alisikika au hakusikika hakujua, lakini bosi alimkumbatia, na kwenye kumbatio lile alisikia kila kitu.

Kisha haraka yake ikamrudia. Akawatumia watu wa hoteli ujumbe kwamba mzigo utakuwa tayari jioni kama walivyoagana, akavuta katoni tupu, akakaa upande wa pili wa meza, akakunja mikono ya blauzi. Mama Tii aligonga, bosi akapokea pembeni kila kimoja na kukigonga kwa mara ya pili, na kila alipokubaliana na mwalimu wake alicheka kama mtoto. Kamba naye akaomba kujaribu. Akapewa vikombe sita, akakosea vyote sita, na bosi akaandika kwenye mfuniko kwamba hata vidole vyake vinasema uongo. Wakamrudisha kwenye kamba zake.

Walifika katoni ya kumi na saba, jua limeshahama dirishani, Mama Tii alipoona mikono ya Kamba inateremka kutoka masikioni. Ng'ambo ya barabara mabega ya watu yalishuka yote kwa pamoja, yule mwanamke akamfunua mtoto wake, paka akachungulia mlangoni. King'ora kimenyamaza. Mama Tii akashikilia kikombe hewani bila kukigonga. Sasa masikio ya watu yamerudi, na kikombe kikigongwa kitawaambia wote, kwa sauti yake yote, tiii, wote isipokuwa yeye. Hofu ikamgusa kidogo, ile ya zamani. Akamtazama bosi.

Bosi Mdogo alikuwa amefungua macho. Alisikiliza kimya cha mtaa kwa muda. Alipeleka mkono sikioni, akaigusa pamba, akaisukuma ndani zaidi. Kisha akafumba macho, akanyoosha vidole vyake juu ya meza, vimelegea vizuri.

"Lete, mama," alisema.

Mama Tii akamwekea kikombe, akagonga.